Kigali Moja, Koasta Nne: Ziara za Muziki Zapimwa kwa Rula ya Kimihurura

Kabla ya kurushiana namba, tukubaliane vipimo. Cha kwanza ni jengo la Kigali Convention Centre, lile lenye kuba linalowaka rangi usiku pale kwenye mzunguko wa Kimihurura. Lilifunguliwa mwaka 2016, liligharimu takriban dola milioni 300, na ukumbi wake mkuu una viti 2,600. Cha pili ni BK Arena, ng'ambo ya pili huko Remera, safari fupi ya pikipiki: viti 10,000. Cha tatu ni Uwanja wa Amahoro, jirani wa BK Arena, unaochukua watu 45,000 tangu ulipofunguliwa upya Julai 2024. Cha nne ni jiji zima. Sensa ya 2022 iliwakuta wakazi 1,745,555, na idadi hiyo humu tutaiita Kigali moja. Kwa vitu vidogo tutatumia Koasta ya abiria 29.

Rula iko mezani. Tupime.

1. Nyomi kubwa kuliko zote

Mshindi hana mpinzani wa karibu. Usiku wa kuamkia mwaka 1995, Rod Stewart alitumbuiza bure kwenye ufuo wa Copacabana, Rio de Janeiro, na makadirio yanayotajwa hadi leo ni watu milioni 3.5. Hizo ni Kigali mbili! Chukua kila mtu kuanzia Nyamirambo hadi Kanombe, mtoto wa mgongoni na mzee wa mkongojo, uwapange mchangani, kisha uwalete wote mara ya pili. Wabishi husema wengi walifuata fataki za mwaka mpya. Wana hoja, lakini rekodi haiulizi mtu alifuata nini.

Ufuo huohuo umezoea ubabe. Mei 2024 Madonna alikadiriwa kuvuta watu milioni 1.6 na kuikosa Kigali moja kwa watu 145,555, yaani zaidi kidogo ya viwanja vitatu vya Amahoro. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2025, Lady Gaga akapiga palepale. Wakuu wa jiji walikadiria watu milioni 2.1. Kigali moja imeshapitwa, na chenji yake inaweza kuijaza BK Arena mara 35.

2. Ziara tajiri kuliko zote

The Eras Tour ya Taylor Swift ilianza Machi 2023 huko Glendale, Arizona, ikamalizika Desemba 2024 Vancouver. Maonyesho 149, miji 51, watu 10,168,008, na mauzo ya tiketi dola 2,077,618,725. Hakuna ziara nyingine iliyowahi kufika dola bilioni mbili.

Sasa ilete Kimihurura. Fedha hizo zingejenga Convention Centre karibu saba, kuba juu ya kuba kuuzunguka mlima. Kwa wastani kila usiku uliingiza karibu dola milioni 14. BK Arena yenyewe iliripotiwa kugharimu dola milioni 104, kwa hiyo Swift angeilipia kwa kuimba usiku nane na kubakiwa na nauli nono ya kurudi kwao. Na watu je? Kuwapitisha wote milioni 10 ndani ya BK Arena, ukumbi ukifurika kila siku bila kupumzika hata Jumapili, kungechukua siku 1,017. Miaka miwili na miezi tisa. Wastani wake wa watu 68,000 kwa usiku ungeijaza Amahoro na kuacha nusu Amahoro nyingine nje ya geti.

Kwa hesabu ya vichwa, Swift amepitwa. Coldplay, na ziara yao ya Music of the Spheres iliyoanza Costa Rica Machi 2022, wamevuka watu milioni 12. Karibu Kigali saba.

Lakini katika miji 51 ya Swift, wa Afrika haukuwemo hata mmoja. Hapo Michael Jackson bado anamzidi. Ziara yake ya HIStory ilikuwa na maonyesho 82 na watu takriban milioni 4.5, ilipita Tunis Oktoba 1996, na pazia lake lilifungwa Durban, Afrika Kusini, tarehe 15 Oktoba 1997. Ziara ya mwisho ya dunia ya Michael Jackson iliishia katika ardhi ya bara hili, na rekodi hiyo haina wa kuivunja tena.

3. Ziara fupi kuliko zote

Hii ni ya Kigali na tunaidai kwa mikono miwili.

Mwaka 2023 shirika la Global Citizen, pamoja na kampuni ya pgLang ya Kendrick Lamar, lilitangaza Move Afrika, ziara iliyokusudiwa kufungua njia ya wasanii wakubwa kuzunguka Afrika kila mwaka. Mwaka huo wa kwanza ziara ilikuwa na vituo vingapi? Kimoja. Tarehe 6 Desemba 2023, BK Arena, Kigali, basi. Swift alihitaji miji 51 na Elton John, katika ziara yake ya kuaga, alihitaji maonyesho 330. Move Afrika ilianza Kigali ikaishia Kigali, na mtu aliyelala Kimihurura aliiona ziara nzima bila kubadilisha chumba.

Ucheke, lakini usiidharau. Kendrick, aliyepanda jukwaani usiku ule, ana Pulitzer ya mwaka 2018, tuzo ambayo kabla yake, upande wa muziki, haikuwahi kutoka nje ya uwanja wa muziki wa klasiki na jazi. Jukwaa lilelile walipewa Zuchu kutoka Zanzibar na Bruce Melodie, mwenyeji. Rais Paul Kagame alikuwa ukumbini.

Kisha ikaja hesabu tamu kuliko zote katika orodha hii. Miezi kumi na minne baadaye, tarehe 9 Februari 2025, Kendrick huyohuyo alisimama katikati ya uwanja wa Super Bowl huko New Orleans. Watazamaji wa Marekani waliomtazama walihesabiwa milioni 133.5, rekodi ya onyesho la mapumziko la mchezo huo. Rwanda nzima, kwa sensa ya 2022, ina watu 13,246,394. Ni Rwanda kumi, na bado wanabaki zaidi ya milioni moja wa kusimama mlangoni! Ukigawa watazamaji wale kwa viti vya Remera, kila kiti kimoja cha BK Arena kinabeba watu 13,350. Aliyekalia kiti hicho Desemba 2023 alikuwa na nafasi ambayo Wamarekani 13,350 waligawana kwa kioo cha runinga.

Mwaka 2025 ziara ilirefuka kwa asilimia mia moja: ikawa na vituo viwili. John Legend aliimba Kigali tarehe 21 Februari, halafu Lagos siku nne baadaye. Legend mwenyewe ana rekodi ya kutembea nayo. Septemba 2018 alikuwa mwanamume mweusi wa kwanza kukamilisha Emmy, Grammy, Oscar na Tony. Kwa mwendo huu wa kuongeza kituo kimoja kila baada ya miaka miwili, Move Afrika itafikia miji 51 ya Swift mwaka 2123. Hatuna haraka.

4. Ukumbi uliokimbia kuliko wote

Elton John alianza ziara yake ya kuaga Septemba 2018, Allentown, Pennsylvania. Siku hiyo BK Arena haikuwepo. Ujenzi ulianza Januari 2019 chini ya kampuni ya Kituruki ya Summa, ileile iliyomalizia Convention Centre ya Kimihurura, na baada ya miezi sita kazi ilikuwa imekwisha. Ukafunguliwa tarehe 9 Agosti 2019. Elton anaendelea kuaga. Korona ikaja, Elton akasimama, dunia ikasimama. Mei 2021 ukumbi ukapokea msimu wa kwanza wa ligi ya kikapu ya Afrika, BAL, ambamo rapa J. Cole aliivalia jezi timu ya Patriots ya Rwanda. Elton bado anaaga. Mei 2022 ukumbi ukauza jina lake kwa Benki ya Kigali kwa miaka sita, takriban dola milioni 7, na Kigali Arena ikawa BK Arena. Elton? Alimaliza Stockholm tarehe 8 Julai 2023.

Maonyesho 330, dola milioni 939 hivi, Convention Centre tatu na ushee. Kwaheri ya mtu mmoja imedumu kuliko uhai wa jina la kwanza la ukumbi mzima.

5. Mgeni aliyewahi kuliko wote

Ne-Yo. Tarehe 6 Septemba 2019 alihudhuria Kwita Izina, sherehe ya kuwapa majina watoto wa sokwe chini ya milima ya Virunga, akampa wake jina la Biracyaza. Kesho yake aliimba katika ukumbi wa Remera, ambao ulikuwa bado haujatimiza mwezi mmoja tangu ufunguliwe. Sokwe mchanga, ukumbi mchanga, yote ndani ya saa 48.

6. Aliyepanda ngazi haraka

Machi 2019 Burna Boy aliimba Intare Arena, nje kidogo ya jiji upande wa Rusororo. Wengi waliohudhuria walimchukulia kama nyota mwingine wa Nigeria anayepita. Juni 2023 mtu huyohuyo akawa msanii wa kwanza wa Afrika kuongoza na kuujaza uwanja wa mpira nchini Uingereza, London Stadium, mbele ya watu wapatao 60,000. Mwezi uliofuata alitumbuiza watu wapatao 41,000 huko Citi Field, New York.

Miaka minne na miezi mitatu kutoka mlima wa Rusororo hadi uwanja ambao watu wake wasingeenea Amahoro. Kigali ilimpata kwa bei ya jana.

7. Chini kabisa, juu kabisa, wachache kabisa

Hapa wanamuziki wanaacha muziki na kuanza kushindana na wachimba migodi.

Oktoba 2006 Katie Melua aliimba mita 303 chini ya usawa wa bahari, ndani ya nguzo ya jukwaa la gesi la Troll A, Norwei. Zamisha nguzo hiyo katika Ziwa Kivu, mahali penye kina kirefu kuliko pote, na Katie bado angekuwa na zaidi ya mita 150 za maji chini ya viatu vyake. Agosti 2007 bendi ya Agonizer ya Finland ikashuka kwenye mgodi wa Pyhäsalmi hadi mita 1,271, rekodi ya wakati ule. Kina hicho kinatisha, lakini Kigali ina jibu. Jiji liko kwenye mwinuko wa mita 1,567 hivi. Chimba shimo la Agonizer hapa, teremsha magitaa na spika hadi chini kabisa, na bendi itapiga ikiwa karibu mita 300 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Dar es Salaam angehitaji kupanda kilima ili kuwafikia.

Kwenda juu, Oz Bayldan alipiga muziki kwenye Mera Peak, Nepal, Mei 2012, mita 6,476. Karisimbi, mlima mrefu kuliko yote ya Rwanda, una mita 4,507. Hata Uhuru, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, kinabaki chini kwa mita 581. Waandaaji wa matamasha wa Tanzania wanajua la kufanya: wahamie Nepal au waache.

Na wachache kabisa? Metallica, tarehe 8 Desemba 2013, kituo cha Carlini, Antaktika. Wasikilizaji 120, kila mmoja na vipokea sauti masikioni ili kelele zisisumbue mazingira. Koasta nne na abiria wanne wa kusimama. Kwa kuteremka pale, Metallica wakawa bendi ya kwanza kutumbuiza mabara yote saba ndani ya mwaka mmoja, na kwenye bara la saba hawakuweza kuijaza hata sehemu ya ishirini ya ukumbi mkuu wa Kimihurura.

Kuna pia medali ya mwendo. Tarehe 13 Julai 1985 Phil Collins aliimba Live Aid Wembley, akapanda Concorde, akaimba tena Philadelphia siku ileile. Ndege ile ilivuka Atlantiki kwa saa tatu na nusu hivi. Basi la Kigali kwenda Rusizi, kwa muda huo, bado liko njiani.

8. Mapokezi machungu kuliko yote

Orodha ya rekodi isiyo na hii ingekuwa tangazo la utalii.

Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, na Umoja wa Mataifa pamoja na serikali nyingi zikaishutumu Rwanda kwa kuwaunga mkono, jambo ambalo Kigali imelikanusha. Tarehe 30 Januari mwimbaji wa Nigeria, Tems, alifuta onyesho lake la Machi 22 katika BK Arena, akisema hakutaka kuonekana kutojali mateso ya watu. John Legend alishinikizwa afanye vivyo hivyo. Wiki tatu baadaye alipanda jukwaani, siku chache tu baada ya Bukavu nayo kuanguka, na akajitetea kwamba wananchi hawapaswi kuadhibiwa kwa sababu ya kutokubaliana na viongozi wao. Kutoka Kigali hadi mpaka wa Goma ni saa tatu au nne kwa gari. Katika namba zote za makala haya, umbali huo ndio uliojadiliwa zaidi, na sina kipimo cha Kimihurura cha kuuwekea.

Kabla yao alikuwepo Koffi Olomidé, mwanamuziki wa Kongo. Alipotangazwa kuimba Kigali Desemba 2021, wanaharakati wa haki za wanawake walitaka onyesho lifutwe kwa sababu ya rekodi yake na wanawake. Onyesho lilifanyika. Kelele zilizolitangulia zilisikika kuliko magitaa yake.

9. Mwenyeji aliyewashinda wageni

Wamarekani wamekuja, Wanigeria wamekuja, Mkongo amekuja. Nani alikuwa Mnyarwanda wa kwanza kuuza viti vyote vya BK Arena? Hakuwa rapa, wala hakuja na wacheza shoo waliovaa vinyago. Alikuwa Israel Mbonyi, mwimbaji wa nyimbo za injili, siku ya Krismasi ya mwaka 2022, katika tamasha aliloliita Icyambu. Alirudi Krismasi ya 2023, na akarudi tena Krismasi ya 2024. Kendrick alitumbuiza pale mara moja, Legend mara moja. Mbonyi ameigeuza tarehe 25 Desemba kuwa yake, na wenye hoteli za Kimihurura wanaijua kalenda hiyo vizuri.

Tena alifanya jambo ambalo wageni wa orodha hii, ukimtoa Zuchu, hawakulifanya: aliimba kwa Kiswahili. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Juni 2023 Mbonyi akatoa wimbo wa Nina Siri, na kwenye YouTube umetazamwa zaidi ya mara milioni 50. Karibu Rwanda nne. Najua mtu mmoja huutazama mara ishirini akipiga pasi, lakini hata ukigawa kwa ishirini, waliobaki wanaijaza BK Arena mara 250. Wimbo ulivuka mpaka kabla ya mwenyewe. Alipofika Nairobi Agosti 2024, kwenye viwanja vya Ulinzi, Lang'ata, Wakenya walikuwa wameshaukariri. Akaenda Uganda mwezi huohuo. Kabla ya hapo alikuwa ameshafika Brussels, na Bujumbura pia, jiji ambalo mwaka 2021 serikali yake ilikuwa imemzuia asitumbuize.

Hesabu vituo: Kigali, Bujumbura, Brussels, Nairobi, Kampala. Vitano. Move Afrika, hadi 2025, ikiwa na Wamarekani wawili wenye tuzo za kujaza kabati, ilifikia viwili.

Kombe, basi. Rod Stewart abaki na Kigali zake mbili za mchangani na Swift na Convention Centre zake saba. Kwa ziara iliyopimwa na kukatwa kwa rula ya hapa, mshindi ni Mbonyi, na hakuna wa pili aliye karibu. Wanaotaka kumng'oa wana muda. Makubaliano ya Move Afrika na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda yanafika hadi 2028. Nawe unayesubiri jina la nyota ajaye litangazwe, nunua tiketi mapema. Viti bado ni 10,000.